Baridi la Njombe, Sabufa la Makambako

Ukitaka kujua watu wa Makambako wanapata wapi mzuka wa kazi, simama pale barabara ya Dar kwenda Tunduma inapokutana na ile ya Njombe na Songea. Ukimya hapo usiutafute. Malori ya Zambia yanapumua breki, makonda wanaita abiria, wauza mahindi ya kuchemsha wanakimbilia madirisha ya mabasi, na bado treni ya TAZARA haijapiga honi. Juu ya yote kuna upepo, ule wa kukuvua kofia mchana kweupe.

Katikati ya vurugu hiyo unamkuta msela anayechora maandishi kwenye bajaji. Sabufa lake linapiga singeli, mambo ya midundo 200 na ushee kwa dakika. Ungedhani brashi nayo itakimbia. Wapi! Ngoma inakimbia, mkono unatambaa. Akifika kwenye tumbo la herufi S anabana pumzi, anamaliza kona, ndipo anatikisa kichwa kufuata mdundo. Nikimwangalia naona kabisa hiyo singeli ni ukuta wake: kelele aliyoichagua mwenyewe inaziba zile za stendi ambazo hakuzichagua.

Wasomi nao waliligusa hili suala la kelele na kazi. Mwaka 2012 Ravi Mehta na wenzake walitoa utafiti kwamba sauti ya wastani, kama desibeli 70, iliwafanya watu waje na mawazo mapya kuliko desibeli 50. Ilipofika 85, mambo yakaharibika. Stendi ya Makambako hakuna aliyenipa kipimo chake, ila ukisogelea lile sabufa, 70 ulishaiacha kitambo.

Sasa dandia Coaster, kama kilomita 60 hivi, ushuke Njombe. Mji unakaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai huko ni noma. Ukungu unashuka, misindano inapotea, ukiongea pumzi inatoka kama moshi. Maskani za nje zinakosa watu mapema, kila mtu anajichimbia geto na blanketi lake. Watoto wa Dar wanatuonea huruma. Waache. Hilo baridi ndilo linalotukalisha kitako tukapiga msuli, tukaandika mistari, fundi masweta akamaliza oda zake. Ukiwa na joto la Manzese na kijiwe kipo mlangoni, kitabu utakifungua saa ngapi?

Halafu Njombe ina shule ya muziki ambayo haina ada: kwaya. Hapa ndipo makao makuu ya Dayosisi ya Kusini ya KKKT, na jioni za mazoezi sauti zinatoka kanisani zinakukuta njiani. Mtu akishazoea kuimba sauti ya tatu bila kuvutwa na ya kwanza, ukimpeleka studio hapati tabu kupanga viitikio.

Kwenye kusoma, lakini, mimi nina msimamo: Bongo Fleva na madesa haviivi chungu kimoja. Kichwa kinachosoma maneno ndicho hichohicho kinachosikiliza maneno. Jamaa anamlilia demu wake masikioni mwako, wewe unahangaika na usanisinuru. Aya moja unairudia mpaka unaichukia, mwisho wa siku umekariri kiitikio. Hesabu zina nafuu kidogo, na kazi za mikono ndiyo kabisa, piga chochote.

Dawa yangu ni sebene. Weka Franco na TPOK Jazz, subiri waimbaji wamalize yao, magitaa yaanze kusukana. Lingala siijui, kwa hiyo hata wakipiga kelele katikati hakuna neno linaloniibia akili. Kinachobaki ni mwendo tu, na mwendo ndio unaosukuma kurasa. Mistari ya hip hop naandikia biti tupu, sauti chini, maana ukiweka ngoma ya mtu utajikuta unaandika ya kwake.

Mitihani ya kidato cha sita huwa Mei, baridi ndiyo linaanza kupiga hodi. Mwenye flashi ya sebene za zamani aniletee geto, chai ya tangawizi ipo. Wa singeli mje pepa la mwisho likishakusanywa, na hilo sabufa mje nalo.