"Ndiyo, shefu": jibu lenye kuharibu kazi



Ukimaliza lisansi unafikiri vizuizi vya kazi ni pesa, mashine ao barabara. Ni kweli, viko. Lakini mimi kizuizi cha kwanza nilikikuta mdomoni mwangu mwenyewe.

Nilikuwa ninafanya staji katika mradi moja wa kilimo upande wa Kalehe. Tulifundisha wakulima namna ya kupigana na mnyauko wa bakteria, ule ugonjwa wa migomba ulioonekana Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha ukasambaa Kivu nzima. Hauna dawa. Majani yananyauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati, na ukizipasua ndani zimeharibika. Wadudu wanaubeba kupitia ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu. Na sisi watu tunaubeba kwa panga.

Siku ya mkutano, shefu alieleza kwa Kifaransa, mbio mbio: ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda, chuma kisiguse. Akauliza kama tumeelewa. Sisi wote: "Ndiyo, shefu!" Habari ya kijiti mimi sikuishika. Lakini niliona haya kuuliza, juu ni mimi nilikuwa na diploma mpya.

Kesho yake nikaambia wakulima: "Mukate ua dume." Nikauliza: "Mumeelewa?" Wakajibu: "Ndiyo, agronomu." Wakakata kweli, na panga moja, mgomba kwa mgomba.

Nilirudi kisha miezi miwili. Shamba la mama moja lilikuwa limekuwa manjano. Akaniambia pole pole: "Agronomu, tulifanya vile ulisema." Siwezi kuapa kama ni panga tu, juu ugonjwa ulikuwa tayari karibu. Lakini njia niliufungulia mimi. Na ndizi zile ndizo zilikuwa zinalipa masomo ya watoto wake.

Tangu pale ninashika mambo manne:

1. Rudilia ulichosikia. Kama unaogopa kuuliza, sema: "Shefu, niruhusu nirudilie, unisahihishe." Hapo haumpingi, na haujishushi. Kosa linatoka ndani ya biro mbele lifike shambani.

2. Acha maneno ya fakulte kwenye fakulte. Ukisema "musafishe panga", mkulima atapangusa na majani, na kwake ni safi. Sema wazi: "Mupitishe panga katika moto mpaka ipate moto sana, ao muilowanishe katika maji ya javeli, mbele ya kugusa mgomba mwengine."

3. Usiulize "mumeelewa?" Kwetu mtu hawezi kumwambia mgeni ao mkubwa "hapana" mbele ya watu. Ile "ndiyo" ni heshima, si jibu. Omba hivi: "Papa, nionyeshe vile utafanya." Mkono wake utakuambia ukweli.

4. Habari mbaya nayo ipande. Katika ripoti yangu ya kwanza niliandika tu hesabu ya watu waliokuja kusikiliza. Shefu alisoma, akafurahi. Hakukuwa mustari hata moja juu ya kile walichofanya na panga. Ripoti yenye kuficha inaacha wakubwa wapange kazi ya kesho juu ya uongo.

Nilienda kumwambia shefu kile kilichotokea. Alikasirika, siwezi kuficha. Kisha akanyamaza, akaniuliza: "Wangapi wengine hawakusikia?" Kumbe tulikuwa wengi. Mkutano uliofuata alikuja na kijiti mkononi, akasema kwa Kiswahili, na kila moja wetu akavunja ua mbele yake.

Yule mama, tulimsaidia kung'oa na kupanda upya. Mgomba unaomba mwaka moja hivi, ao zaidi, mbele ya kutoa mkungu. Swali langu shambani lingeomba dakika moja.

Wewe unayeanza kazi kesho: mara ya mwisho ulisema "ndiyo" bila kuelewa, ni nani alilipa?