Sura ya Sita: Zoezi Linalolingana na Somo

Mwanakisomo wa Mbagala au Tandale hakosi maandishi ya kusoma: vibao vya daladala, ujumbe wa pesa kwenye simu, namba za umeme wa LUKU. Anachokosa ni zoezi lenye herufi alizokwisha kufundishwa, bila kurushwa mbele. Programu nyepesi ya kompyuta inaweza kumsaidia mwalimu kulitunga, mradi uamuzi wa mwisho ubaki kwa mwalimu mwenyewe.

Mwalimu huingiza orodha ya maneno na kutaja herufi zilizofundishwa; programu huchambua. Bloom, programu ya bure ya shirika la SIL, hufanya hivyo hatua kwa hatua na kuonyesha neno lenye herufi ambazo bado hazijafundishwa. Tuseme darasa limefika kwenye irabu tano pamoja na b, k, m, s na t. Hapo tayari yapo basi, soko na kituo, na sentensi inayomfaa mtu mzima: “Mama, soma kibao: Temeke.” Ikiongezwa r, Kariakoo nayo inasomeka. Tahajia ya Kiswahili hufuata matamshi, ndiyo maana uchambuzi huu unafanikiwa.

Wapo watakaosema kompyuta haijui lugha, nao wana hoja. Programu isiyoelezwa kwamba sh ni sauti moja itapitisha “shoka” mara s na h zikifundishwa. Itapitisha pia “mtoto”, ilhali aliyejifunza ma, me, mi, mo, mu hajaiona m ikisimama peke yake kama silabi. Lakini hoja hiyo inadai mwalimu akague. Haidai programu iachwe.

Wengine watasema mtu mzima anahitaji maana, si silabi. Mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza Mwanza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO ulivipata vyote viwili: watu walijifunza kusoma kupitia vitabu vya pamba, migomba na uvuvi. Vitabu vile viliandaliwa kwa ajili ya eneo zima. Leo mwalimu anaweza kumtungia mama ntilie wa Tandika karatasi yake, na fundi cherehani naye ya kwake, kwa kompyuta moja isiyohitaji intaneti, kisha akatoa kopi.

Kwa hiyo waratibu wa kisomo wa Temeke na Kinondoni wasisubiri tableti kwa kila mwanakisomo. Waanze na maneno ya mtaani, na mwalimu aipitie kila karatasi kabla ya kuigawa.