Bukama: Mbabula inayokusanya jamaa, na mlango usiopaswa kufungwa

Kila mwezi wa kumi na mbili, ndugu walio Brussels au Liège wanapiga simu Bukama na kulalamikia baridi. Huku mvua inanyesha, joto ni jingi, na wanaopokea simu wanacheka. Ikifika mwezi wa sita mambo yanageuka. Ulaya watu wanavua makoti, na Bukama, ukingoni mwa mto Lualaba, watoto wanatoka nje asubuhi wamejifunga kitenge cha mama toka kichwani mpaka magotini.

Asiyejua Katanga anaweza kuuliza: baridi gani hiyo katikati ya Afrika? Jibu liko angani. Kuanzia mwezi wa tano mvua inakatika, mawingu yanaondoka, na upepo mkavu wa kusini-mashariki unaanza kuvuma. Mawingu yakikosekana, joto la mchana halina blanketi; jua likizama, linapotea. Lubumbashi, mji ulio kwenye mita zaidi ya 1,200 juu ya bahari, usiku wa mwezi wa saba kipimo kinashuka chini ya digrii 10. Bukama iko chini zaidi, mwanzoni mwa bonde la Upemba, kwenye mita karibu 600, kwa hiyo baridi yake haiumi kama ile ya Lubumbashi. Lakini Bukama ina mto. Alfajiri ukungu unatoka majini, unafunika daraja, na unyevu wake unaingia nyumbani bila kubisha hodi.

Tena nyumba zenyewe hazikujengwa kwa ajili ya baridi. Bati linapata joto haraka na kulipoteza haraka. Kati ya ukuta na paa kuna nafasi iliyoachwa ili hewa ipite wakati wa joto, na nafasi hiyo haizibiki mwezi wa sita unapofika. Nyumba ya nyasi inatunza joto vizuri zaidi. Wazee hawachoki kuwakumbusha jambo hilo wale waliokimbilia mabati.

Ndiyo sababu, kuanzia saa kumi na mbili jioni, maisha ya nyumba yanahamia mahali pamoja: kwenye mbabula.

Moto wa jioni

Mbabula ya Bukama haina maajabu. Ni bati la pipa kuukuu au la ndoo, limekunjwa na fundi, limetobolewa matundu ubavuni, likapewa mkono wa chuma. Inawashwa nje, upande upepo unakotoka, kwa majani makavu na vipande vya kuni, kisha makala yanapangwa juu. Mtoto mmoja anapewa kazi ya kupepea kwa kifuniko cha sufuria. Moshi wa kwanza unawafukuza wote. Makala yakishika, yakawa mekundu, wote wanarudi na viti vyao vifupi.

Bukari inasongwa kwanza, kwa sababu hakuna anayefurahia moto na tumbo tupu. Pembeni kuna sombe, au samaki wa Lualaba aliyekaushwa kwa moshi, ambaye harufu yake peke yake inatosha kumwita jirani. Sufuria ikiondolewa, moto unabaki, na hapo ndipo jioni yenyewe inaanza. Karanga zimekwisha vunwa. Zinakaangwa kwenye kipande cha bati. Vilazi vitamu vinafukiwa kwenye jivu la moto. Kwa wanaojua kuutengeneza, kuna munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachotengenezwa pamoja na mizizi ya porini. Kinanywewa baridi, na bado watu wanakipenda hata usiku wa mwezi wa saba.

Jirani ambaye makala yake yamekwisha anakuja na kipande cha kigae, anaomba moto. Hakuna anayemnyima. Anakaribishwa kukaa, anakataa kwa heshima, anasimama dakika mbili, na nusu saa baadaye bado yuko, ameketi. Anapoondoka anasema “wafwako”, asante ya Kiluba, na kaa lake limekwisha zimika. Anapewa lingine.

Mwezi wa sita ni pia mwezi wa mitihani. Wanafunzi wa mwisho wa sekondari, wanaongojea mtihani wa taifa, wanasoma karibu na mbabula kwa taa ya simu mpaka betri inakufa. Kuna jambo la kuchekesha hapo, kama si la kuudhi. Maji yanayopita chini ya daraja la Bukama yamekwisha zungusha mashine za umeme za Nzilo na Nseke, huko juu karibu na Kolwezi, zilizojengwa miaka ya 1950. Umeme ule ulitengenezwa kwa ajili ya migodi. Nyumba nyingi za Bukama zinapata maji yake tu.

Ikifika likizo ya mwezi wa saba, wajukuu wanafika toka Kamina, Likasi au Lubumbashi, kwa treni au kwa lori, na nkambo anapata wasikilizaji wapya. Anayesimuliwa mara nyingi ni Nkongolo Mwamba, mfalme mkali wa Waluba, na Kalala Ilunga, mpwa wake, mtoto wa mwindaji Mbidi Kiluwe. Sehemu inayongojewa ni ya shimo. Nkongolo anachimba shimo, anasimika mikuki ndani, anatandika mkeka juu yake, kisha anamwita mpwa wake aje acheze ngoma. Mpiga ngoma anamwonya kijana kwa mapigo ya ngoma yake, naye anaruka na kukimbia. Watoto wote wanajua mwisho wake. Wanaomba wasimuliwe tena.

Desturi hii ya kukaa karibu na moto mdogo unaobebeka haikuanza na mapipa ya bati. Chini ya mto kutoka Bukama, ukingoni mwa ziwa Kisale, kuna mahali panaitwa Sanga. Mwaka 1957 mwanaakiolojia Mbelgiji Jacques Nenquin alianza kuchimba hapo makaburi ya kale. Baadaye, miaka ya 1970, Pierre de Maret aliendelea na kazi hiyo katika bonde la Upemba. Pamoja na vyungu, shanga na vitu vya shaba, walikuta mbabula ndogo za udongo, zenye sehemu tatu za kushikilia chungu. Watu waliozikwa nazo waliishi karibu miaka elfu moja iliyopita. Wachunguzi walizitambua kwa urahisi, kwa kuwa wavuvi wa maziwa hayo walikuwa bado wanapika kwa mbabula za namna hiyo ndani ya mitumbwi yao.

Wadenmark wana neno “hygge”, maana yake raha ya kukaa ndani na wapendwa wakati nje kuna giza na baridi. Miaka kama 10 iliyopita vitabu vingi viliandikwa juu ya neno hilo, na mishumaa ikauzwa sana. Sanga hawakuacha kitabu. Waliacha mbabula kaburini, pembeni ya mtu wao.

Shimo chini ya mkeka

Hatari inaanza saa tatu au nne za usiku, watu wanapotaka kulala. Nje baridi imezidi. Ndani blanketi ni mbili na watoto ni watano. Makala bado ni mekundu, hayatoi moshi tena, na ni kama dhambi kuyaacha yazimike bure uani. Basi mama au baba anashika mkono wa mbabula, anaiingiza chumbani, anaziba nafasi ya chini ya mlango kwa kitambaa, na wote wanalala.

Makala yasiyotoa moshi ndiyo yanayodanganya. Yanapoungua mahali ambapo hewa ni kidogo, yanatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Ikiingia mapafuni inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu inashindwa kubeba oksijeni hadi kwenye ubongo na moyo. Aliye macho anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anataka kutapika, miguu inalegea. Aliyelala hasikii kitu. Ni mkeka wa Nkongolo, na usiku huo hakuna mpiga ngoma.

Asubuhi jamaa ikikutwa imekufa, na mlango umefungwa kwa ndani, maneno yanaanza mtaani. Atatafutwa mchawi, au chakula cha jana kitasingiziwa. Mara nyingi mbabula inakuwa imekwisha tolewa nje na watu waliokuja kusaidia, na hakuna anayeikumbuka. Kwa hiyo mwaka unaofuata, nyumba ya pili inafanya vile vile.

Wanaopona mara nyingi ni wale ambao mmoja wao aliamka na kufungua mlango. Ukimkuta mtu amelegea ndani ya chumba chenye mbabula, la kwanza ni mlango na dirisha, la pili ni kumtoa kwenye hewa safi, na la tatu ni kituo cha afya, hata akisema anajisikia vizuri. Kumnywesha kitu hakuiondoi hewa hiyo damuni.

Moshi wenyewe nao hauna huruma. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba moshi wa nyumbani unaotokana na kuni, makala na mafuta ya taa uliua watu karibu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Ongeza hapo mtoto anayejifunza kutembea na kuangukia makala, au cheche inayopanda kwenye paa la nyasi upepo wa mwezi wa nane unapoanza.

Hakuna anayesema mbabula iachwe. Ingekuwa ni kuwaambia watu wa Bukama waache kuishi. Kinachobadilika katika nyumba zilizojifunza ni saa na mahali. Moto unakaa uani au chini ya baraza, na watu wanaongeza dakika zao hapo badala ya kuupeleka kitandani. Kabla ya kulala, birika la mwisho linachemshwa juu ya makala yanayobaki, na maji hayo yanawekwa kwa ajili ya kunywa kesho. Ni jambo kubwa katika eneo la maziwa ya Upemba, ambako kipindupindu kinarudi mara kwa mara. Maji mengine ya moto yanatiwa ndani ya chupa ngumu, inafungwa vizuri, inazungushiwa kitambaa na kuwekwa miguuni mwa watoto. Inatunza joto saa kadhaa na haitoi sumu yoyote. Mkeka chini ya godoro unasaidia pia, kwa kuwa baridi nyingi inapanda toka sakafuni. Na sokoni, balo za nguo za ng'ambo zinapofunguliwa, pulova za watoto ndizo zinazokwisha kwanza.

Kuna wasio na uani wa kukaa. Miaka ambayo Lualaba inapanda sana mwishoni mwa mvua, nyumba za matofali mabichi zilizo karibu na maji zinaanguka, na jamaa zinahamia mahali pa juu, chini ya turubai au kwa ndugu. Maji yanapoanza kushuka, baridi inafika. Chini ya turubai mtu anajaribiwa zaidi kuingiza mbabula, na nafasi ya hewa ni ndogo zaidi. Wanaogawa misaada wanakumbuka unga na sabuni. Blanketi zinakuja nyuma, zikija. Ingefaa zifike kabla ya mwezi wa sita.

Nyumba iliyofanya vizuri inajulikana asubuhi. Mbabula iko nje, imefunikwa jivu, ukungu umeizunguka. Anayeamka kwanza anachokoa kwa kijiti, anakuta kaa moja bado linaishi chini, analipuliza. Mpaka watoto watoke na vitenge vyao, maji ya chai yamekwisha anza kuimba.