Takwimu Zinavyopima Kikosi cha Hoki ya Barafu

Katika NHL, ligi ya Marekani na Kanada, kikosi cha mechi huwa na wachezaji 20, kwa kawaida washambuliaji 12, mabeki 6 na makipa 2. Kipimo kikongwe humwongezea mchezaji alama timu yake inapofunga akiwa uwanjani, na kumpunguzia inapofungwa. Msimu wa 1970–71, beki Bobby Orr wa Boston Bruins alifikisha +124, rekodi isiyovunjwa hadi leo.

Lakini mabao ni machache, na bahati huyatawala. Kipimo cha Corsi huhesabu mashuti yote: yaliyolenga lango, yaliyotoka nje na yaliyozuiwa. Mchezaji akiwa uwanjani, timu yake ikapiga 55 na kupigiwa 45, kiwango chake ni asilimia 55. Kocha makini huangalia pia mchezaji anacheza na nani na dhidi ya nani, kwani wa kawaida akipangwa na nyota hupata alama asizostahili.