Usiache Mbachao: Ufunguo Mpya na Vani Isiyotaka Kuwaka

Utangulizi

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii aghalabu hutajwa katika mijadala ya ndoa, urafiki na siasa, na ni nadra kuisikia katika gereji. Hata hivyo, ipo hali moja ya kila siku ambamo methali hii hutimia neno kwa neno. Mwenye vani hubadilishiwa kufuli la swichi ya kuwashia injini, akapewa ufunguo mpya unaong'aa, akautupa ule wa kale. Kisha gari hukataa kuwaka.

Makala haya yananuia kueleza kwa nini hali hiyo hutokea na jinsi inavyotatuliwa. Aidha, yanadokeza kwamba sehemu ya tatizo lenyewe imo katika lugha. Jambo hili si dogo. Vani nyingi ni chombo cha riziki: hubeba abiria, mikate, maziwa na mboga. Siku moja ya vani kulala ni siku ya dereva kukosa ujira na ya mwenye gari kukosa fedha za kulipia mkopo. Hasara hiyo ni chungu zaidi pale inapotokana na kitu kilichotupwa jaani kwa kudhaniwa kuwa takataka.

Kufuli na mlinzi wake

Kufuli la swichi ni chombo cha chuma kinachoeleweka kwa urahisi. Ndani yake mna silinda yenye vibati vidogo vilivyopangwa kwa urefu mbalimbali. Ufunguo wenye meno yanayolingana navyo unapoingizwa, vibati hujipanga sawasawa, silinda ikazunguka, usukani ukaachiliwa, na swichi iliyo nyuma ya kufuli ikapitisha umeme. Baada ya miaka mingi, vibati na meno ya ufunguo hulika. Ufunguo huanza kukwama, hatimaye kufuli likashindwa kabisa. Kulibadilisha ni uamuzi wa busara.

Zamani, kazi ingeishia hapo. Mwizi naye aliijua siri hiyo: alivunja kufuli, akaunganisha nyaya, akaondoka na gari. Katika miaka ya 1990 watengenezaji wa magari waliongeza mlinzi wa pili, asiyeonekana, anayeitwa imobilaiza. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwongozo mwaka 1995, na kuanzia Oktoba 1998 magari mapya ya abiria yakalazimika kuwa na kinga hiyo. Australia ilifuata mwaka 2001 na Kanada mwaka 2007. Vani nazo hazikuachwa nyuma. Volkswagen Transporter ya kizazi cha nne, iliyoundwa kati ya mwaka 1990 na 2003, ilianza kuwekewa mlinzi huyo katikati ya miaka ya 1990. Si kila vani inaye. Lakini kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yaliyozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, uwezekano wa kumkuta katika magari yanayoingia ni mkubwa.

Hodi na kitendawili

Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo hukaa chipu ndogo isiyozidi ukubwa wa punje chache za mchele. Chipu hii haina betri. Kwenye mdomo wa kufuli limezungushwa koili, yaani pete ya waya mwembamba. Ufunguo unapoingizwa na kuzungushwa, pete hiyo hutoa mawimbi, aghalabu yenye mizunguko 125,000 hivi kwa sekunde, na mawimbi hayo huipa chipu nguvu ya kutosha kujibu. Mazungumzo haya hufanyika katika umbali wa sentimita chache tu.

Namna ya mazungumzo hayo ni rahisi kueleweka na yeyote aliyelelewa katika ada za Waswahili. Katika mifumo ya mwanzo, chipu ilipiga hodi kwa kutaja nambari yake, nayo imobilaiza ikalinganisha nambari hiyo na zile ilizozihifadhi. Mgeni akijulikana, alikaribishwa. Udhaifu wa utaratibu huo ni dhahiri, kwani yeyote aliyeisikia nambari angeweza kuiiga. Kwa hiyo mifumo iliyofuata ilichukua sura ya kitendawili. Imobilaiza hutega swali jipya kila mara, na chipu hulitegua kwa siri ambayo wawili hao pekee wanashiriki. Jibu la jana halifai leo. Chipu ikishindwa kutegua, au ikiwa haipo kabisa, imobilaiza au kompyuta ya injini hukata mafuta, moto wa plagi au umeme wa stata, kutegemea muundo wa gari.

Hapa ndipo kiini cha tatizo kilipo. Kufuli jipya huja na ufunguo wake. Ufunguo huo una meno sahihi, lakini aghalabu hauna chipu yoyote. Na likiwa kufuli la gari jingine lililonunuliwa pamoja na ufunguo wake katika maduka ya vipuri vilivyotumika, kama yale ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, chipu iliyomo humjua mlinzi wa gari jingine. Kufuli litazunguka vizuri. Mlinzi atakataa.

Dalili

Dalili hutofautiana. Katika baadhi ya magari stata huzungusha injini kwa nguvu lakini injini haishiki. Katika Transporter iliyotajwa, injini huwaka kwa sekunde moja au mbili kisha ikazima, na kila jaribio huishia hivyo hivyo. Katika magari mengine stata hainguruma kamwe. Mara nyingi taa ndogo yenye picha ya ufunguo au ya gari humetameta kwenye dashibodi. Fundi asiyezitambua dalili hizi huweza kubadilisha pampu ya mafuta, betri na stata, kila kimoja kwa gharama ya mteja, ilhali vyote vilikuwa vizima.

Hatua za utatuzi

Hatua ya kwanza ni kuichunguza pete ya koili na plagi yake. Pete hiyo hutolewa kabla ya kufuli kutolewa, na ni rahisi isahaulike juu ya meza ya fundi, au irudishwe bila plagi kuunganishwa. Hata waya mmoja uliokatika unatosha kumfanya mlinzi awe kiziwi.

Hatua ya pili ni jaribio lisilo na gharama. Kichwa cha ufunguo wa kale hushikiliwa karibu kabisa na pete, huku ufunguo mpya ukizungushwa. Injini ikiwaka na kuendelea kunguruma, basi mfumo wote ni mzima. Kilichokosekana ni chipu inayofahamika. Ikikataa, uchunguzi urejee kwenye pete, nyaya na imobilaiza yenyewe. Ni vyema pia kutenga funguo za magari mengine wakati wa jaribio hili, kwani chipu mbili zilizokaribiana huweza kuvurugiana majibu.

Hatua ya tatu ni kuihamisha chipu. Kichwa cha ufunguo wa kale hufunguliwa kwa uangalifu, chipu ikatolewa na kutiwa katika kichwa cha ufunguo mpya. Kazi hii haihitaji kompyuta, ila inahitaji mkono mtulivu: chipu nyingine zimo ndani ya kijineli cha kioo, nazo zikipata ufa huwa zimekufa. Njia nyingine, tena bora, ni kumpelekea fundi wa makufuli kufuli jipya kabla halijafungwa, naye akavipanga upya vibati vyake vilingane na ufunguo wa kale. Kwa njia hiyo ufunguo mmoja huendelea kufungua milango na kuwasha injini, na mlinzi hatambui badiliko lolote.

Hatua ya nne ni kumfunza mlinzi kuutambua ufunguo mpya wenye chipu inayofaa. Fundi huunganisha kifaa cha uchunguzi kwenye tundu maalumu la gari, akaingiza nambari ya siri, kisha akatambulisha funguo moja baada ya nyingine. Katika mifumo mingi ya Volkswagen ya miaka hiyo, nambari hiyo ina tarakimu nne, na gari huweza kukumbuka funguo zisizozidi 8. Jambo la kuzingatia ni kwamba funguo zote sharti ziletwe kwa wakati mmoja. Ufunguo ulioachwa nyumbani husahauliwa.

Iwapo funguo zote za kale zimepotea, mwenye gari hana budi kumwendea wakala wa mtengenezaji akiwa na hati za umiliki ili apate nambari ya siri, au kumtafuta mtaalamu awezaye kuisoma kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Wapo pia wanaonunua kompyuta ya injini, imobilaiza na ufunguo vilivyotoka katika gari moja linalofanana na lao, vikahamishwa pamoja kwa kuwa vimekwisha kujuana. Njia zote hizi huzidi sana bei ya kichwa cha plastiki kilichotupwa.

Ipo pia njia ya mkato. Baadhi ya mafundi huifuta imobilaiza katika kumbukumbu ya kompyuta, au huificha chipu ya kale kando ya pete na kuiacha humo daima. Gari huwaka, lakini mlinzi amefungwa kitambaa machoni: yeyote atakayevunja kufuli ataondoka nalo. Ni kweli kwamba kinga hii si kamilifu. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya RSA walionyesha jinsi siri ya aina moja ya chipu, iliyokuwa na biti 40, inavyoweza kuvunjwa. Hata hivyo, kazi hiyo ilihitaji elimu na vifaa, na mlinzi mwenye udhaifu bado ni bora kuliko mlango usio na mlinzi.

Neno moja, kazi mbili

Msomi wa Kiswahili anaweza kuuliza: haya yanaihusu nini lugha? Nomino ufunguo imetokana na kitenzi fungua, ambacho nacho kimezaliwa na funga kwa kiambishi cha kutendua. Jina lenyewe linataja tendo moja tu, kufungua. Chipu haifungui chochote. Kazi yake ni kutambulisha. Lakini kwa kuwa imejificha ndani ya kitu kiitwacho ufunguo, haina jina kinywani mwa mteja. Anaposema, "Nibadilishie swichi na ufunguo," husikika akiagiza chuma, na hupewa chuma. Lisilo na jina ni rahisi kutupwa.

Mjadala wa istilahi mara nyingi hujikita katika kutafuta neno la Kiswahili la kila chombo kipya. Imobilaiza imekwisha kuingia gerejini kwa jina lake la mkopo na inaeleweka. Kinachohitajika zaidi ni kupambanua kazi mbili zilizobebwa na neno moja la zamani. Lugha tayari ina neno linalofaa: kitambulisho. Kila Mkenya mtu mzima anajua kwamba kulijua jina lake hakutoshi mbele ya mlinzi wa lango, huombwa kitambulisho. Chipu ni kitambulisho cha ufunguo. Mteja akiambiwa hivyo, hahitaji somo la umeme ili aelewe kwa nini meno mapya hayatoshi.

Hitimisho

Imebainika kwamba vani iliyobadilishiwa kufuli hukataa kuwaka kwa sababu chuma kimebadilishwa bila kitambulisho kuhamishwa. Tiba huanza kwa kuangalia pete, hufuatiwa na jaribio la ufunguo wa kale, kisha kuhamisha chipu au kumfunza mlinzi. Zaidi ya yote, kinga ni swali moja la Kiswahili chepesi ambalo mwenye gari anapaswa kuliuliza kabla ya kuondoka gerejini: "Ufunguo huu, kitambulisho chake kiko wapi?" Mpaka ajibiwe, na autunze mbacha wake mfukoni.