Flashi mbovu: kwa nini kompyuta huganda hati zikisubiriwa mpakani

Lori limepaki Namanga, wakala wa forodha anachomeka flashi yenye ankara na orodha ya mizigo, na kompyuta inaganda. Wengi huichomoa papo hapo. Kufanya hivyo kunaweza kuharibu hati ambazo bado zilikuwa salama.

Ndani ya mfumo wa kompyuta ipo programu ndogo iitwayo draiva. Kama dereva wa lori, kazi yake ni kubeba mzigo kati ya flashi na kompyuta. Flashi isipojibu, draiva haikati tamaa mara moja. Katika Linux, kwa kawaida husubiri sekunde 30, kisha hujaribu kukianzisha upya kifaa na kurudia ombi. Ombi likirudiwa mara kadhaa, dakika zinapita. Heri kusubiri, na nakala nyingine iwe imetumwa kwa barua pepe kabla ya safari.

Zipo pia flashi zinazojibu, lakini vibaya. Draiva huuliza namba ya sekta ya mwisho. Kwa kuwa hesabu huanzia 0, kifaa chenye sekta 1,000 kinapaswa kujibu 999. Baadhi hujibu 1,000, na kompyuta ikienda kusoma sekta isiyokuwepo, kifaa hukwama. Linux ina faili liitwalo unusual_devs.h, lenye orodha ya vifaa vyenye kasoro vinavyotambuliwa kwa namba ya kampuni na ya bidhaa. Chenye kosa hilo kikichomekwa, draiva hupunguza sekta moja. Baadhi ya vyenye chipu za Genesys Logic hupunguziwa mzigo wa kila safari hadi sekta 64, yaani KB 32. Kwa maneno mengine, makosa ya kiwandani hurekebishwa na watu ambao hawakuvitengeneza vifaa hivyo.

Udanganyifu wa ujazo ni jambo jingine kabisa. Flashi ya GB 4 iliyochezewa ijitangaze kuwa ya GB 64 huaminiwa na draiva, na mafaili yanayozidi hupotea kimya kimya. Anayenunua shehena ya flashi za kuuza ng'ambo ya mpaka apime chache kabla ya kulipa, kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Programu hizo huijaza flashi tupu kisha huisoma tena. Kwa flashi kubwa kazi hiyo huchukua saa kadhaa, hivyo muuzaji anayeharakisha malipo asubiri.