Neno "Mwanangu" Katika Filamu ya Mike Leigh

Kwa wanachama wanaotafuta filamu ya kufanyia mazoezi ya tafsiri, napendekeza Secrets & Lies ya Mike Leigh, iliyotwaa Palme d'Or huko Cannes mwaka 1996. Ni hadithi ya London hii hii tunayoishi, na ya ukoo mmoja usioambizana kweli.

Hortense, mwanamke mweusi, mpima macho, amefiwa na mama aliyemlea. Sheria ya mwaka 1975 iliwapa watoto wa kuasiliwa haki ya kuona hati zao za kuzaliwa wakishatimiza miaka 18, naye anaitumia haki hiyo. Jina analolikuta ni la Cynthia, mzungu, kibarua wa kiwanda cha maboksi, anayekaa kwenye nyumba chakavu ya kupanga na binti yake Roxanne, mfagiaji wa barabara. Maurice, mdogo wake Cynthia, ni mpiga picha. Amehamia kitongojini na mkewe Monica, nyumba ya vyumba vingi isiyo na mtoto. (Waliotazama Siri ya Mtungi watamkumbuka Cheche wa Bagamoyo, mpiga picha mwingine anayewapanga wenzake watabasamu huku kwake kunafuka moshi.)

Sasa tafsiri. Cynthia humwita kila mtu kwa maneno ya kubembeleza, kama wafanyavyo wanawake wengi wa London wa rika lake. Jibu la haraka ni "mwanangu". Kwetu mtu mzima humwita hivyo kijana yeyote, hata muuza nyanya humwita hivyo mteja asiyemjua. Lakini jaribu kuliweka neno hilo mkahawani, pale mama na binti wanapokaa bega kwa bega na kamera ikawatazama kwa dakika zaidi ya saba bila kukata. Cynthia anakana katakata kwamba hakumzaa huyu. Mara kumbukumbu inamjia, uso unamgeuka, analia. Ukishampa "mwanangu" dakika mbili kabla, umeiua filamu. Mimi ningeweka "mpenzi" au "kipenzi", ingawa masikioni mwangu yananukia kadi za harusi.

Kwenye sherehe ya kutimiza miaka 21 kwa Roxanne, Hortense anatambulishwa kama mfanyakazi mwenziwe Cynthia. Wanakula, wanacheka, kisha Cynthia analitoa lote mezani, na Maurice naye anataja lililomtesa Monica miaka yote. Wapo watakaosema amewavunjia stara wenye nyumba. Sikubaliani nao. Stara ya nyumba ile ilikuwa inawala mmoja mmoja, na aliyelipa zaidi ni Monica, aliyeonekana ana kiburi kumbe ana uchungu.

Mwishoni ndugu wawili, Hortense na Roxanne, wako uani kwa Cynthia, penye kibanda kikuukuu, naye anakuja kuketi nao. Hapo ndipo ningeliachia lile neno, mara moja tu, na kwa wingi: "wanangu".